Kioja Kisicho na Kwao: Jinsi Vituko vya Mtandaoni Vinavyopoteza Asili Njiani

Kuna picha moja ya papa ambaye ameogelea katika mafuriko mengi kuliko papa yeyote aliye hai. Inaonyesha barabara iliyofunikwa na maji, imepigwa kutoka ndani ya gari, na kando ya gari hilo samaki huyo anapita taratibu kama mgeni anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake. Picha ilianza kusambaa Agosti 2011, baada ya kimbunga Irene kupita Puerto Rico, ikielezwa kuwa imepigwa huko. Mwaka 2017, Houston ilipozama kwa mvua za kimbunga Harvey, papa yule yule alihamia Texas, na mwaka 2018 akaonekana Carolina Kaskazini kilipofika kimbunga Florence. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni jina la mji tu.

Picha hiyo ni ya kubandika, lakini papa aliyebandikwa ni wa kweli, na hapo ndipo kisa kinapoanza kunoga. Mwaka 2003, katika pwani ya Afrika Kusini, Thomas Peschak, mpigapicha aliyesomea biolojia ya bahari, alipiga picha ya mtafiti aliyekaa ndani ya kayaki ya njano huku papa mweupe mkubwa akimfuata kwa nyuma, pezi likiwa nje ya maji. Kayaki ilichaguliwa kwa sababu chombo kidogo kisicho na injini huwasumbua papa kidogo kuliko mashua. Picha hiyo ilipochapishwa na kuingia mtandaoni, wengi waliokutana nayo walisema haiwezekani, lazima imetengenezwa kwa kompyuta. Miaka michache baadaye mtu fulani alimkata papa yule kutoka nyuma ya kayaki, akamweka barabarani, na picha hii ya pili, ambayo kweli ilitengenezwa kwa kompyuta, ikapokewa kwa mikono miwili.

Septemba 2022 kikaja kimbunga Ian. Katika mji wa Fort Myers, Florida, mkazi mmoja alirekodi kwa simu samaki mkubwa mweusi mwenye mapezi akipapatika katika ua uliojaa maji. Video hiyo ilipoanza kusambaa, waliokwisha kuumwa na nyoka walishtuka kwa kuona unyasi: ni yule papa wetu wa kila kimbunga, walisema, safari hii kajifunza kutikisika. Hata hivyo shirika la habari la Associated Press lilikagua data zilizoambatana na faili ya asili, likathibitisha kuwa ilirekodiwa siku ile. Wataalamu walioulizwa hawakuafikiana moja kwa moja kuhusu aina ya samaki huyo, ingawa baadhi yao waliona anafanana na papa mchanga. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huyu alichukua miaka 11 kufika.

Mkanganyiko wa vioja vya mtandaoni kwa kawaida huelezwa kuwa ni tatizo la uongo, kwamba kuna wadanganyifu upande mmoja na waaminio upesi upande mwingine, na dawa yake ni kuwa makini. Mkasa huu wa papa hautoshei vizuri katika maelezo hayo. Picha ya kweli iliitwa uongo, ya uongo ikaitwa kweli, na video ya kweli ikaponzwa na sifa mbaya ya picha ya uongo, huku wengi waliosambaza zote tatu wakiwa hawana nia ya kumdanganya mtu yeyote. Walikuta jambo la kushangaza wakataka wenzao washangae pia. Kilichokatika ni uzi unaounganisha kioja na mahali kilikotoka, na uzi huo hukatwa na mambo kadhaa tofauti, mengine ya kiufundi, mengine ya kijamii na mengine ya kibiashara, ambayo inafaa yatenganishwe.

Kuelekeza na kunakili

Wavuti ulipobuniwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN nchini Uswisi, kisha ukatolewa kwa umma bila malipo Aprili 1993, njia yake kuu ya kushirikishana kitu ilikuwa kiungo. Kiungo hakibebi kitu chenyewe, bali kinabeba anwani ya mahali kitu kilipo. Anayekupa kiungo ni kama mtu anayekuelekeza kwa kidole: nenda pale, pinda kulia, utamkuta mwenyewe. Ukifika, unakuta kioja kikiwa nyumbani kwake, pamoja na jina la aliyekiweka, tarehe, maelezo na majirani zake.

Mfano ninaoupenda ni wa birika la kahawa. Mwaka 1991, wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, waliochoka kutembea hadi kwenye kahawa na kukuta imekwisha, walielekeza kamera kwenye birika lililokuwa katika chumba kilichoitwa Trojan Room, ili walitazame kutoka mezani kwao. Novemba 1993 picha hiyo, isiyo na rangi na yenye ukubwa wa nukta 128 kwa 128, iliunganishwa na wavuti, na birika likawa moja ya vivutio vya kwanza vya intaneti. Kila aliyetaka kuliona ilimbidi aende kwenye birika lenyewe, yaani afungue anwani ya maabara ile, kwa sababu kilichovutia ni kulitazama kama lilivyo dakika hiyo, limejaa au tupu. Mtu hakuweza kumtumia mwenzake birika. Aliweza tu kumwonyesha njia. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika la mwisho, ambalo wakati huo lilikuwa bovu, likanunuliwa mnadani na toleo la mtandaoni la jarida la Ujerumani Der Spiegel kwa pauni 3,350.

Watu wa zama hizo walikuwa na kazi moja ya kupendeza: kutembea mtandaoni, kuokota vitu vya ajabu na kuviorodhesha. Katikati ya 1993 tovuti zote duniani zilikuwa takriban 130, kwa hiyo mtu mmoja mwenye subira angeweza kuzimaliza. Kufikia Desemba 1997, Mmarekani Jorn Barger alipobuni neno «weblog», ambalo baadaye lilifupishwa kuwa blogu, alichokuwa akikieleza kilikuwa orodha ya viungo vya kila siku vyenye maelezo mafupi, daftari la mtu anayepita sehemu nyingi na kuandika alichokiona. Blogu kama shajara au safu ya maoni ilishika nafasi baadaye. Mwanzoni lilikuwa kapu la mwokotaji.

Kiungo, hata hivyo, kina udhaifu mkubwa. Berners-Lee aliamua viungo viwe vya upande mmoja: mtu yeyote anaweza kuelekeza kwenye ukurasa wowote bila kumwomba ruhusa mwenye ukurasa na bila mwenye ukurasa kujua. Uamuzi huo ndio uliowezesha wavuti kukua upesi, lakini ulimaanisha pia kwamba ukurasa ukihamishwa au kufutwa, hakuna anayewaarifu walioelekeza huko. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikuweza kufunguliwa tena ilipofika 2023. Kidole bado kinaelekeza, ila nyumba imebomolewa.

Nakala ni kinyume chake. Anayepakua picha na kuituma upya hatoi anwani. Anatoa kitu chenyewe, kikiwa kimeng'olewa na mizizi. Nakala haitegemei seva ya mtu, haifi kwa sababu mwenye tovuti ameacha kulipia, na kila simu inayoipokea inakuwa ghala yake mpya. Ndiyo maana papa wa 2011 bado yupo nasi ilhali kurasa nyingi za wavuti za miaka ile zimekwisha toweka. Basi mtu anayesema tungerudi tu kwenye viungo na mambo yangenyooka hasemi kweli yote, maana kiungo kinahifadhi asili lakini kinakufa, na nakala inaishi lakini haikumbuki.

Kwetu kuna jambo jingine linaloipa nakala nguvu, nalo ni bei. Kampuni za simu za Afrika Mashariki zimezoea kuuza vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake, na mwenye kifurushi cha WhatsApp anayebonyeza kiungo kinachomtoa nje ya WhatsApp hujikuta anakatwa kwenye bando la kawaida, kama analo. Picha iliyokwisha kuingia kwenye kundi haimgharimu zaidi. Kiungo kinaweza kumgharimu. Mtu anayetuma picha ya skrini ya makala badala ya anwani ya makala huitwa mvivu, lakini mara nyingi anawafanyia wenzake hisani, na gharama ya hisani hiyo inalipwa na asili ya kile alichotuma.

Kinachotokea ndani ya simu

Picha inayopigwa kwa simu au kamera ya kisasa hubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana: tarehe na saa, aina ya kifaa, na kama ruhusa imetolewa, mahali ilipopigwa kwa vipimo vya satelaiti. Wataalamu huyaita metadata. Ndiyo yaliyowasaidia waandishi wa Associated Press kumkubali papa wa Fort Myers, na ndiyo yanayokosekana kwenye karibu kila picha inayotufikia kwa njia ya makundi. Programu kama WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka, na katika kuipunguza huondoa maelezo hayo. Kuondoa huko kuna sababu njema, kwani mtu anayetuma picha ya mtoto wake sebuleni hapaswi kuwapa watu 200 ramani ya kufika nyumbani kwake. Utaratibu unaomlinda mzazi huyo ndio unaomnyima mpelelezi wa vioja ushahidi wake, na sioni namna ya kupata faida hiyo bila hasara yake.

Picha ya skrini huenda mbali zaidi. Aliyeipiga skrini yake hakunakili picha ya awali. Ametengeneza picha mpya kabisa, yenye tarehe ya leo na jina la simu yake. Katika macho ya mashine, mzazi wa picha hiyo ni yeye. Ikipita kwenye simu kumi, kila mmoja akikata ukingo kidogo ili kuondoa kiashiria cha betri na arifa za mkopo, jina la mpigapicha lililokuwa pembeni kwa maandishi madogo huondoka pamoja na kiashiria cha betri.

Wengi hudhani kuwa alama inayotuambia kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi ni aina ya utambulisho wa asili. Sivyo, na hapa pana mkanganyiko unaostahili kufafanuliwa. Kwa kuwa mazungumzo ya WhatsApp yamefichwa kwa msimbo kiasi kwamba hata kampuni haisomi yaliyomo, hesabu ya kusambazwa haiwezi kufanywa kwa kusoma ujumbe. Inasafiri pamoja na ujumbe wenyewe, ikiongezeka kila unapopitishwa. Ujumbe uliopitia angalau hatua tano huonyeshwa kwa mishale miwili. Alama hiyo inakwambia safari imekuwa ndefu, haikwambii ilianzia wapi. Tena hesabu inaanza upya mtu anapohifadhi picha kwenye simu yake na kuituma kama yake, kwa hiyo kioja kilichozunguka dunia kinaweza kukufikia kikiwa hakina mshale hata mmoja, safi kama kimezaliwa asubuhi ile.

Januari 2019 kampuni hiyo iliweka kikomo duniani kote cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ikapunguza kikomo hadi mazungumzo mamoja kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Wiki chache baadaye ilitangaza kuwa usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hatua hizo zilipunguza kasi, jambo ambalo ni la maana. Kuhusu asili hazikubadilisha chochote, wala hazikukusudiwa kufanya hivyo.

Mlolongo wa wapokezi

Ipo elimu ambayo wasomaji wengi wa pwani wameikuta madrasa, inayoshughulika na swali hili hili kwa jambo zito zaidi. Hadithi ya Mtume haipokewi kwa maneno yake peke yake; hupokewa pamoja na isnadi, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kutoka kwa mwingine, na wanazuoni hukagua kila kiungo cha mlolongo huo: je, fulani alikutana na fulani, alikuwa mwaminifu, kumbukumbu yake ilikuwaje? Sikusudii kulinganisha maneno ya dini na video za paka. Nataka kuonyesha kuwa wazo la kubeba njia ya habari pamoja na habari yenyewe si geni kwetu. Washairi wa tenzi nao walizoea kutaja majina yao mwishoni mwa utenzi, pengine na mwaka na idadi ya beti, ili mnakili asiyemjua mtunzi asije akampokonya kazi yake au akaongeza beti kimyakimya.

Isnadi inatusaidia pia kutenganisha maswali mawili ambayo mtandaoni huchanganywa. Kuna swali la nani aliyetengeneza kitu, na kuna swali la nani aliyekuletea. Peschak alipiga picha ya papa na kayaki. Shemeji yako alikuletea. Wote wawili wamefanya kazi, lakini si kazi moja. Wanablogu wa awali walilijua hili, na wengi walikuwa na adabu ya kutaja, kwa herufi ndogo chini ya kiungo, blogu walikokitoa. Machi 2012, mwandishi Maria Popova wa Marekani alijaribu kuigeuza adabu hiyo kuwa kanuni iliyosanifiwa, kwa kupendekeza alama mbili maalumu: moja ya kuonyesha kuwa umekitoa kitu moja kwa moja kwa fulani, nyingine ya kumshukuru aliyekupa fununu tu. Pendekezo lilizua mjadala mkali. Wapinzani walisema kinachostahili kutajwa ni mtengenezaji, na kwamba kuokota kiungo si kazi ya kudai heshima. Alama zenyewe hazikushika. Hazikuwa hata kwenye kibodi.

Mimi naona wapinzani walikuwa na hoja nusu. Mwokotaji hana hakimiliki ya alichokiokota, kweli. Lakini kumtaja hakumpi heshima tu. Kunampa msomaji njia ya kurudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka afike kwenye chanzo. Ukimkata mpokezi mmoja katikati ya mlolongo, hujamnyima shukrani yeye peke yake, umewafungia njia wote watakaokuja baada yako.

Baada ya hapo iliingia biashara, na hapa maelezo ni mafupi. Mitandao mikubwa ya kijamii huishi kwa matangazo, na tangazo huonekana na mtu aliyebaki ndani, si aliyebonyeza kiungo akatoka. Kwa hiyo kitu kilichopakiwa ndani ya mtandao kinapata nafasi nzuri zaidi kuliko anwani inayoelekeza nje, na mwenye ukurasa wa vichekesho anayetaka wafuasi hana sababu ya kumwelekeza mtu kwingine. Kumekuwepo kurasa zenye wafuasi mamilioni ambazo hazijawahi kutengeneza kichekesho hata kimoja. Aprili 2024 Instagram ilitangaza kuwa itaanza kuweka kazi ya asili mahali pa nakala katika mapendekezo yake, na kuziondoa katika mapendekezo hayo akaunti zinazorudia mara kwa mara kupakia kazi za wengine. Kwamba ilihitajika hatua kama hiyo mwaka 2024 kunaonyesha ni kwa muda gani mfumo uliwalipa waokotaji na kuwasahau watengenezaji.

Twiga mwenye jina la sabuni

Msomaji anaweza kuuliza: kuna hasara gani, ikiwa watu wamecheka? Kwa vitu vingi hasara ni ndogo, na sitajifanya kuhuzunika kwa kila paka aliyenyimwa utambulisho. Ila mara nyingi asili ya kioja ndiyo iliyo nzuri kuliko kioja chenyewe, na mfano ninao wa karibu.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, watafiti wanaofuatilia twiga walimpiga picha twiga jike mchanga mwenye mwili mweupe uliopauka na nywele za shingoni zenye wekundu. Walimwona akiwa ndama, wakamwona tena Januari 2016 akiwa na umri wa takriban miezi 15. Mwongoza watalii wa eneo hilo alimpa jina la Omo, kwa sababu ya sabuni ya unga inayojulikana kila nyumba. Picha zake zilizunguka dunia, na kadiri zilivyozidi kwenda mbali ndivyo jina la sabuni lilivyodondoka na kubaki maneno «twiga albino wa Afrika». Omo hakuwa albino. Mnyama albino hukosa rangi mwili mzima, hata machoni, ilhali katika hali aliyokuwa nayo Omo sehemu ya chembe za ngozi hushindwa kutoa rangi huku macho yakibaki meusi kama ya twiga wengine. Aliyeipata picha kutoka kwa watafiti alipata na maelezo hayo. Aliyeipata kutoka kwenye kundi alipata mshangao, akabuni maelezo mwenyewe.

Mwaka 2017 kulitokea video ya twiga weupe wengine, jike na ndama, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini Hirola, kaunti ya Garissa, Kenya. Machi 2020 ilitangazwa kuwa jike huyo na ndama mmoja waliuawa na majangili, akabaki dume mmoja, ambaye Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha kumfuatilia. Kwa mtu asiyejua picha ipi ni ya Tarangire na ipi ni ya Garissa, twiga hawa wote ni «yule twiga mweupe», na habari ya kifo cha mmoja inakuwa habari ya kifo cha mwingine.

Kioja kisicho na asili humpa taabu hata aliye shahidi. Mwongoza watalii wa Maasai Mara aliyemwona mwaka 2019 mtoto wa pundamilia mwenye madoadoa badala ya milia alieleza kuwa mwanzoni alidhani mnyama huyo amekamatwa na kupakwa rangi kwa ajili ya kufuatilia uhamaji. Alikuwa pale, kwa macho yake, na bado alishuku. Sembuse aliyeletewa picha usiku wa manane na mtu aliyeletewa na mtu.

Kurudi nyuma

Njia ya kutafuta chanzo ipo, na si ngumu. Tovuti ya TinEye ilianza mwaka 2008 kumwezesha mtu kutafuta kwa picha badala ya maneno, na Google ikafuata mwaka 2011, mwaka ule ule papa alipotokea Puerto Rico. Mashine hizi hutengeneza muhtasari wa maumbo na rangi za picha, mfano wa alama ya kidole, kisha hulinganisha na picha zilizokwisha kuorodheshwa. Picha inayodaiwa kuwa ya jana ikionekana katika ukurasa wa miaka sita iliyopita, kesi imekwisha. Isipoonekana popote, kesi bado haijaanza, kwa sababu huenda ni mpya, huenda imegeuzwa kushoto kulia au kukatwa, au huenda haijawahi kuwa na mzazi.

Hilo la mwisho ni jipya. Machi 2023 alikuja Papa mwingine, huyu wa herufi kubwa: picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe la kufura, la baridi kali na la kisasa, iliyowapumbaza watu wengi wenye akili timamu. Ilikuwa imetengenezwa kwa programu ya akili unde iitwayo Midjourney. Papa wa barabarani ukimchunguza unamfikia Peschak, kayaki na bahari ya Afrika Kusini. Aliyembandika alihitaji papa wa kweli wa kumwiba. Picha ya koti haina kayaki nyuma yake. Ukiifuata hadi mwisho unakuta sentensi iliyoandikwa na mtu kwenye kompyuta.

Kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe na Microsoft pamoja na shirika la BBC, ziliungana mwaka 2021 kuunda kiwango kiitwacho C2PA, ambacho huambatanisha na picha cheti cha kidijitali kinachoeleza ilitengenezwa na kifaa gani na imehaririwa vipi. Ni isnadi ya mashine, na ni wazo zuri. Lakini cheti hicho kwa kawaida hukaa mahali pale pale pa metadata nyingine, ndani ya faili, na picha ikipunguzwa na programu ya ujumbe au ikipigwa skrini, cheti hubaki nyuma kama yalivyobaki maelezo mengine.

Kinachosafiri na picha kwa uhakika kidogo zaidi ni maneno yaliyoandikwa chini yake. Kwa miaka mingi hata hayo yalidondoka picha ilipopitishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Siku hizi WhatsApp huyabeba, mradi msambazaji asiyafute. Kwa hiyo ninapoletewa papa yule, kwani mvua kubwa zikija huletwa, sijibu tena kwa mahubiri kuhusu habari za uongo. Natuma picha ya kayaki ya njano, na chini yake naandika: «Papa ni huyu, Afrika Kusini, 2003, kapigwa picha na Thomas Peschak. Barabarani kabandikwa.» Mara ya mwisho nilijibiwa na shangazi yangu kuwa hii ya kayaki ndiyo inaonekana ya uongo.